Damu ya Mtoto Mmoja

Hebu niambieni, nyinyi mliolea watoto, mmeshawahi kumwona mtoto akilamba sakafu kwa hamu kana kwamba imepakwa asali? Mukagasana alimwona wa kwake. Mjukuu wake Sangwa, aliyekuwa anakaribia miaka mitatu, alikuwa akilala kifudifudi uani, anatoa ulimi, analamba pale paliposiribwa vizuri kuliko kwingine, halafu ananyonya vidole kimoja kimoja mpaka vinajikunja kama vya mfuaji nguo. Ukimwinua, analia hadi anakosa pumzi. Ukimweka chini, anarudi palepale.

Mwaka ulikuwa 1992, na mahali ni Nyakabanda, mjini Kigali, kwenye uchochoro wa mafundi. Huyu anashona, yule anachonga vitanda, wa tatu anaziba sufuria. Mukagasana, mjane, aliishi na mwanawe Ilyasi, fundi cherehani, na mkewe Uwizeye, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe: vyumba vitatu, bati lililoanza kushika kutu upande wa jikoni, na ua ambao yeye mwenyewe aliufagia kila alfajiri kabla ya kuteka maji ya kutawadha. Upande wa juu, ukuta kwa ukuta, aliishi Silvère, fundi wa betri za magari.

Kazi ya Silvère ilijulikana kwa harufu yake. Alinunua betri zilizokufa, akazipasua kwa shoka, akamwaga maji yake makali mtaroni, kisha akayatoa yale mabamba meusi ya ndani na kuyayeyusha kwenye karai juu ya moto wa mkaa. Risasi, yale madini mazito, ilitulia chini iking'aa kama kioo, na juu yake yakaelea majivu ya kijivu. Silvère aliyaengua kwa upawa wa mpini mrefu, akayatupa pembeni ili yapoe.

Majivu hayo ndiyo yaliyompa jina jema, maana Silvère hakuwa mchoyo. Mwanamke yeyote wa uchochoro aliruhusiwa kuja na ndoo yake. Ukiyachanganya na udongo na samadi ya ng'ombe, ukasiriba ua, ua unakuwa mgumu kama simenti, mweusi wa kumeremeta, na funza hawasogei. Funza, jamani! Aliyewahi kukaa na pini kuchokoa vidole vya mtoto anayepiga mateke ataelewa kwa nini wanawake walimwombea Silvère heri. Wakristo walisiriba ikikaribia Krismasi na Pasaka, Waislamu ikikaribia Idi, na katikati hapo kila anayetarajia mgeni alisiriba. Mukagasana naye alisiriba, na ua wake ulisifiwa.

Ugonjwa wa Sangwa ulikuja polepole, kwa namna isiyo na jina. Kwanza tumbo likamkaza, akawa hapati choo. Baadaye akapauka, viganja vikawa kama vya mtu aliyeshika unga. Mwisho, maneno yakaanza kumpotea. Mtoto aliyekuwa anasema "bibi, maji, paka, nipe" akabaki na "bibi" peke yake, na hilo nalo siku nyingine alilipoteza. Walimpa dawa ya minyoo. Wakampa ya malaria. Mzee mmoja akamwandikia kombe, akanywa. Mtoto akazidi kulamba.

Aliyeingiwa na shaka alikuwa Daktari Nduwayo, kijana mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Hakuuliza mtoto anakula nini. Aliuliza, "Anacheza wapi?" Mukagasana akamweleza ua wote, mpaka na mahali kuku wanapolala. Alipofika kwenye majivu, daktari akaweka kalamu chini.

"Mama," alisema, "mtoto huyu huenda ana risasi kwenye damu. Ile ya betri. Mtu mzima inamsumbua, lakini mtoto mdogo inamharibu akili ikiwa bado inaumbika. Tatizo ni kwamba hapa Kigali hatuna mashine ya kuipima."

"Iko wapi?"

"Ulaya."

Damu ya Sangwa ikasafiri kwenda Ulaya kabla ya yeye kujua kuvuka barabara ya lami. Sista mmoja aliyekuwa anarudi kwao kwa likizo aliibeba kwenye kikopo chenye barafu. Wakangoja. Mvua zote za masika zikanyesha, zikaisha, wao wanangoja. Majibu yalipokuja, daktari hakuyazungusha: kipimo kilikuwa kimeupita mbali kabisa ule mpaka ambapo madaktari wa huko huanza kuogopa.

"Dawa ipo?" Uwizeye aliuliza.

"Ipo, lakini hapa hatuna. Na hata tungekuwa nayo, ni kazi bure mtoto akirudi kwenye vumbi lilelile. Dawa ya kwanza ni kumwondoa pale alipo, au kukiondoa kile kinachomdhuru."

Siku hiyohiyo Sangwa alipelekwa Kanombe kwa dada mkubwa wa Uwizeye, kwenye nyumba yenye sakafu ya simenti. Uwizeye akamfuata. Ilyasi akabaki na cherehani yake, na Mukagasana akashika jembe. Aliubandua ua wote, ua wake uliosifiwa, akaujaza udongo mpya aliouleta kwa kichwa kutoka bondeni. Lakini kila asubuhi, juu ya mfuniko wa mtungi, juu ya majani ya muhogo ya isombe aliyoyaanika, alikuta utando wa kijivu. Aliupitishia kidole, akakitazama. Moto wa Silvère ulikuwa bado unawaka, na Sangwa hangeweza kurudi nyumbani.

Akaenda kwa Silvère. Alimkuta anapasua betri, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi.

"Karibu, Mama Ilyasi. Leo umesahau ndoo?"

"Ndoo sitaki, mwanangu. Nimekuja kukuomba. Haya majivu ndiyo yaliyomwingia Sangwa. Daktari ameyaona kwenye damu. Uhamishie moto wako Gatsata, kule kwenye magereji. Hapa pana watoto."

Silvère akashusha shoka. "Miaka yote unachota, unasema asante. Leo imekuwa sumu?"

"Sikujua. Sasa najua."

"Mimi nashinda kwenye moshi huu toka asubuhi, mbona sijafa?"

"Wewe si mtoto."

"Basi, mukecuru, bibi kizee wee, ungoje nife kwanza, halafu njoo unishitaki!" Wale wateja wakacheka hadi benchi likalia.

Mkewe, Illuminée, alikuwa mlangoni na binti yao Mutesi mgongoni. Yeye hakucheka. Aliinamisha kichwa, akaingia ndani.

Kutoka hapo Mukagasana alianza safari ya ofisi. Konseye, kiongozi wa mtaa, alimsikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi. "Mama, nchi iko vitani, wakimbizi wanalala njiani, wewe unaniletea kesi ya majivu?" Akaenda kwenye komini, ofisi iliyo juu ya konseye. Karani wa kwanza alimwambia mhusika yuko kwenye mkutano wa chama. Kesho yake mhusika yuko kwenye mazishi. Keshokutwa mhusika yuko, ila mhuri hauko. Alikaa kwenye lile benchi la komini mpaka akawajua wafagiaji kwa majina, na kujua nani kati yao ana mkwe mkorofi.

"Mama, wewe huchoki?" mmoja alimuuliza.

"Nachoka," alisema Mukagasana. "Ila nikichokea nyumbani, nachoka bure."

Mwisho alifika kwenye mahakama ya kantoni. Kulikuwa na meza moja, viti vitatu, na dirisha ambalo kioo chake kimoja kilikuwa kipande cha katoni. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Silvère alikuja amevaa koti la arusi yake.

"Bwana Hakimu," Silvère alianza, "huyu mama namheshimu kama mama yangu. Lakini muulize, nani alimshikia ndoo? Mimi sikumwuzia. Nilimpa bure, akasiriba, akasifiwa. Sasa mjukuu anaugua, lazima apatikane mwenye kosa. Na siku hizi za vyama vingi, mtu hajui jirani yake ametumwa na nani."

"Umetumwa na chama gani, mama?" hakimu aliuliza.

"Mimi?" Mukagasana alisema. "Mimi chama changu kina mwanachama mmoja, na bado hajui kwenda chooni peke yake."

Watu wakacheka. Hakimu naye mdomo ukamcheza kidogo, kisha akakishika kile cheti cha kutoka Ulaya, akakisoma taratibu.

"Hiki kinasema mtoto ana risasi. Hakisemi imetoka kwa Silvère."

"Bwana Hakimu, itoke wapi tena? Ukuta ni mmoja!"

"Mtoto anaweza kulamba chochote, mahali popote. Ngoja nikuambie jinsi sheria inavyotazama, mama. Kama moto huu unadhuru, haumchagui Sangwa peke yake. Hapo mtaani pana watoto wangapi?"

"Wengi. Wanajaa kama sisimizi."

"Niletee damu ya mwingine. Mmoja tu, wa nyumba nyingine, iliyopimwa kama hii. Siku ya kusikilizwa tena uniambie mtoto gani anapimwa, nami nitausimamisha moto mpaka majibu yaje. Usipompata, naifunga kesi."

Mukagasana alitoka pale akiwa mwepesi. Mmoja tu! Daktari Nduwayo naye akampa habari njema: yule Sista angesafiri tena mwisho wa mwezi, na angebeba vikopo vyote vitakavyopatikana.

Ila Mukagasana, pamoja na umri wake wote, alisahau alikuwa anaishi Kigali gani. Miaka ile, ukisikia mtu katolewa damu, huulizi ni ya nini. Unajua. Ni sida, yaani ukimwi. Dada mmoja alitolewa damu kwa ajili ya ujauzito tu, na hadi anajifungua watu walikuwa wamekwisha kugawana nguo zake. Kumpeleka mtoto atobolewe sindano, damu yake ipande ndege mpaka Ulaya, ni sawa na kupanda juu ya paa na kuutangazia mtaa kwamba wewe na mumeo mmekwisha.

Alianza kwa mke wa mchonga vitanda, ambaye mtoto wake alikuwa analia tumbo kila siku.

"Damu, Mama Ilyasi? Hapana. Chukua mkojo, chukua nywele. Damu hapana."

"Ni ya kupima risasi tu, mwanangu."

"Mimi na wewe tunajua hivyo. Na wanaonunua maandazi yangu nao wanajua?"

Nyumba ya pili walimkaribisha, wakampa chai ya maziwa, wakamsikiliza mpaka mwisho, wakamwambia watamwuliza baba. Baba alikuwa chumbani muda wote, anakohoa. Nyumba ya tatu mtoto alifichwa chini ya kitanda, miguu inaonekana. Nyumba ya nne mwanamke alimwambia wazi: "Silvère katupa sisi majivu, katukopesha makaa, msiba wa baba alibeba jeneza. Wewe umetupa nini? Sindano?"

Mwanamume mmoja alimwita toka upande wa pili wa uchochoro, "Mukecuru, nina mbuzi hapa! Huyu hana haya, mpime!"

Mukagasana alicheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, lakini alipofika kwake alikaa kwenye kigoda, akavua kandambili, akazitazama nyayo zake. Ilyasi alikuwa amekaa mbele ya cherehani isiyo na kitambaa. Wateja wake nao walikuwa wamepungua. Walikuwa wamesikia kwamba mtoto wake alipimwa damu.

"Mama, tuuze nyumba tuhame," Ilyasi alisema.

"Tumwuzie nani?"

"Yeyote."

"Huyo yeyote hana mtoto?"

Ilyasi akapitisha uzi kwenye tundu la sindano, akauchomoa, akaupitisha tena.

Siku chache baadaye, kwenye foleni ya bomba, Mukagasana alijikuta nyuma ya Illuminée. Mutesi alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge cha njano, shavu limelala kwenye bega la mama yake. Mukagasana alilea wanane na kuzika watatu, na jicho lake halikuhitaji miwani. Kope za mtoto zilikuwa nyeupe kwa ndani. Miguu ilining'inia tu, haina kule kurukaruka kwa mtoto anayetaka kushushwa. Alikuwa anakaribia miaka miwili.

"Mama Mutesi," alisema kwa sauti ya chini, "anasimama?"

"Anachelewa tu," Illuminée alijibu bila kugeuka. "Na baba yake alichelewa."

"Anapata choo?"

Illuminée akalivuta dumu lake toka chini ya bomba halijajaa hata nusu. "Mama Ilyasi, tafadhali. Mimi naishi mle ndani." Akaondoka, maji yakimwagikia kisigino.

Mukagasana hakumfuata. Kumwendea mke wa mtu umwombe ampinge mumewe ni kumtafutia kipigo, na hilo hakulitaka hata kwa ajili ya Sangwa. Jumapili alikwenda Kanombe kumwona mjukuu. Mtoto alikuwa amenenepa kidogo. Alimtazama bibi yake muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kwenye sanduku la wenzake, na hakusema neno. Uwizeye alitoka nje, akajifanya anaanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Siku ya kusikilizwa ikafika, na Mukagasana akaenda mikono mitupu. Alivaa mtandio wake mzuri, maana hata mtu anayekwenda kushindwa hana sababu ya kwenda mchafu. Chumba kilijaa nusu ya uchochoro. Silvère alikuwa amekaa mbele, koti la arusi, na pembeni yake Illuminée, Mutesi mapajani.

"Mama, mtoto mwingine yuko wapi?" hakimu aliuliza.

"Sikumpata, Bwana Hakimu. Niligonga kila mlango. Wanaogopa damu, na wewe unajua kwa nini wanaogopa. Ingekuwa kupima homa wangenijazia chumba hiki. Unaniambia nilete ushahidi, na ushahidi uko kwenye mishipa ya watoto wa watu. Nitaufikiaje?"

"Sheria haiwezi kuamua kwa hofu za watu."

"Na mtoto je, aangamie kwa hofu za watu?"

Hakimu akasugua macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mafaili mengi. "Silvère, una la kuongeza kabla sijafunga?"

Hapo Silvère angeweza kusema hapana, akaenda zake nyumbani ameshinda. Lakini alitaka ushindi wenye watazamaji. Akasimama, akavuta koti.

"Ninalo. Anatafuta mtoto mwingine wa mtaani? Huyu hapa! Binti yangu. Nani analala karibu na moto kumshinda huyu? Kama ni sumu, ingeanza kwangu. Nimemleta mke wangu aseme mbele ya watu wote kama mtoto wetu ni mgonjwa. Simama, Mama Mutesi. Waambie."

Illuminée akasimama. Mutesi akateleza kidogo mikononi mwake, akampandisha.

"Sema tu ukweli, mama," hakimu alisema, kalamu tayari. "Mtoto ni mzima?"

Illuminée akawatazama watu. Mke wa mchonga vitanda alikuwa mstari wa pili, ana shuka begani.

"Mwambie," Silvère alisema. "Unamwogopa nani? Mwambie ni mzima."

"Mtoto wangu..." Illuminée alianza.

"Sauti, mama," karani alisema.

"Aliwahi kusimama. Mwaka jana alisimama, alishika stuli, akapiga hatua. Sasa hasimami. Baba yake anasema ni uvivu."

Silvère akageuka. "We! Nimekuita useme nini?"

"Umeniita niseme kama ni mzima." Sasa sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini haikushuka. "Mimi sijui kama ni mzima. Hakuna anayejua. Kila nikimwosha naona mifupa, nanyamaza. Mama Ilyasi aliniuliza kwenye bomba, nikamkimbia kama mwizi, na jibu nilikuwa nalo mdomoni."

"Kaa chini!" Silvère alisema.

"Mwache," hakimu alisema. "Mama, unaiambia mahakama nini?"

Illuminée hakumtazama hakimu wala mumewe. Alipita kati ya viti, mtoto mkononi, akasimama mbele ya Mukagasana, akaongea kwa nguvu mpaka waliokuwa nje dirishani wakasikia.

"Nataka apimwe damu. Wacheni watu waseme watakavyosema. Tangu siku ile ulipokuja kwetu bila ndoo, nataka Mutesi apimwe damu."